Usukani wa pikapu unatetemeka nikikanyaga breki, na diski bado mpya

Kabini_Mbili
Wakuu, naombeni ushauri. Pikapu ya dizeli, mbele ina diski, nyuma ngoma. Nikikanyaga breki nikiwa spidi 80 hadi 100, usukani unatetemeka na pedali inapigapiga mguu. Chini ya 40 hakuna kitu. Diski na pedi za mbele zilibadilishwa zote pamoja, gari likatulia kama kilomita 4,000, kisha tatizo likarudi taratibu. Mbele kushoto pedi ya ndani imebaki milimita 4, ya nje 8. Kulia zinalingana. Nyuma nimeongeza majani mawili ya springi kwa ajili ya mzigo. Fundi anasema diski zimepinda, ninunue nyingine. Ninunue?

Fundi_Geji
Usinunue kwanza mkuu. Kutulia kilomita elfu kadhaa halafu kurudi taratibu ni dalili inayojieleza. Diski ilifungwa bila kukaa sawasawa kwenye habu (kitovu kinachobeba diski na tairi), ikawa inayumba. Hata usipokanyaga breki, upande uliotokeza unagusa pedi kila mzunguko na kulika kidogo kidogo, mpaka unene wa diski unakuwa haulingani. Sasa ukikanyaga, pedi zinasukumwa nje kila sehemu nene inapopita, pistoni inarudisha mafuta, na hiyo ndiyo ngumi unayoisikia kwenye pedali. Tofauti ya unene ya milimita 0.02 inatosha kutikisa usukani. Ukifunga diski mpya juu ya habu ileile, utarudi hapa na swali lilelile.

Anza na beringi. Gurudumu likiwa juu, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, rekebisha hilo kwanza, la sivyo kila kipimo kitakudanganya. Kisha toa tairi, rudisha nati zote pamoja na washa (pete za chuma) nene ili diski ibanwe kama inavyobanwa na rimu. Funga geji ya saa (kipimo cha mshale kinachoonyesha kuyumba kidogo sana) kwenye chuma kisichozunguka, ncha iguse diski milimita 10 kutoka ukingo wa nje, zungusha polepole. Ikizidi milimita 0.05, diski inayumba kupita kiasi. Baada ya hapo pima unene kwa mikromita, sehemu 8 kuzunguka diski, umbali uleule kutoka ukingoni. Venia ya kawaida haifai hapa, taya zake zinakalia ule mdomo wa pembeni usioguswa na pedi.

Ikiyumba, weka alama ya diski ilipokaa, itoe, na utazame uso wa habu kuzunguka bolti za tairi. Kutu hujificha pale pale kwenye shina la kila bolti, na wengi hufuta katikati tu. Sugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, na ndani ya kofia ya diski (sehemu ya katikati inayokaa kwenye habu) vilevile. Rudisha, pima. Ikiwa bado, isogeze tundu moja la bolti, pima tena, mpaka upate nafasi yenye kipimo kidogo kuliko zote.

Spana_Msalaba
Naongezea nati za tairi. Zikikazwa kwa mashine ya upepo moja baada ya nyingine, kofia ya diski inavutwa upande mmoja. Kaza kwa mkono tairi likiwa hewani, kisha spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), kwa msalaba, hatua mbili, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Rudia baada ya kilomita 100 hivi.

Kuhusu pedi ya kushoto: kama kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ni ya kuteleza, chomoa pini zote mbili inazotelezea. Zikitoka kwa shida, safisha, paka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya petroli inavimbisha mpira na pini inabana upya. Kama kalipa yako haitelezi, ina pistoni pande zote mbili, basi tafuta pistoni ya ndani iliyokwama. Gurudumu likibaki zito baada ya kuachia pedali, fungua nipeli ya kutolea hewa: likiwa jepesi ghafla, presha ilikuwa imenaswa, na mara nyingi ni paipu ya mpira iliyovimba ndani. Likibaki zito, ni kalipa yenyewe.

Leti_na_Chuma
Mimi ningechonga tu diski kwenye leti (mashine ya kuchonga chuma), kazi imeisha.

Fundi_Geji
Leti inanyoosha diski, hainyooshi habu. Ukichonga bila kusafisha pale inapokaa, unairudisha kwenye kiti kilekile kibovu. Safisha, pima, ndipo uchonge kama unene haulingani.

Mama_Ekseli
Mmeyapita yale majani ya springi. Pikapu nyingi zina valvu ya mzigo juu ya ekseli ya nyuma, yenye mkono unaosoma umbali kati ya ekseli na fremu. Mzigo ukishusha mgongo, valvu inapeleka presha zaidi nyuma. Ukiongeza majani, mgongo unabaki juu hata ukiwa umebeba, valvu inadhani gari ni tupu, na mbele inabaki kufanya kazi karibu yote. Diski zinachemka, pedi zinaacha utando wake kwenye chuma kwa mabaka, na mabaka hayo nayo hutetemesha.

Tazama kama mkono unacheza au umeshikwa na kutu, kisha urekebishwe kulingana na kimo kipya, kwa vipimo vya kitabu. Tafadhali usiufunge kwa waya ubaki juu moja kwa moja. Gari likiwa tupu, magurudumu ya nyuma yatajifunga kwenye maji na mkia utakupita.

Rekebisha na viatu vya ngoma: zungusha kile kigurudumu cha meno mpaka viatu viguse ngoma, kisha urudishe nyuma mpaka usikie mkwaruzo hafifu tu.

Kabini_Mbili
Nimepima. Beringi hazichezi. Kushoto inayumba 0.11, kulia 0.04. Habu ya kushoto ilikuwa na pete ya kutu kuzunguka bolti tatu. Baada ya kusugua ikashuka hadi 0.06, nilipoisogeza matundu mawili ikawa 0.03. Unene wa kushoto unatofautiana 0.03. Pini ya chini ilikuwa kavu kabisa. Mkono wa valvu unacheza, ila haujawahi kurekebishwa.

Fundi_Geji
Basi umelipata. Hiyo 0.03 ya unene haitaondoka yenyewe, chonga diski zote mbili kiasi sawa. Kipimo cha chini kabisa kimechapwa kwenye diski. Kama zitakuwa chini yake baada ya kuchongwa, hapo ndipo ununue. Weka pedi mpya pande zote mbili, osha diski kwa maji ya moto na sabuni, kausha, zirudishe kwenye tundu lilelile uliloliwekea alama na upime tena.

Kisha zizoeshe: kutoka 60 shuka hadi 10 kwa breki ya wastani, mara 8 au 10, ukipumzisha nusu dakika kila mara. Usisimame kabisa na mguu ukiwa kwenye pedali diski zikiwa moto, pedi itagandisha alama mahali pamoja. Endesha dakika 10 bila kugusa breki zipoe.