Mrejesho: masista na bodi ya shule yetu

Wakuu, ni yule niliyewauliza kuhusu masista wenye shule yetu kumwondoa mwalimu mkuu mlei (asiye padre wala mtawa) katikati ya muhula, bodi ikisikia kwa wanafunzi. Swali lilikuwa: Askofu anaweza kuingilia?

Wengi mlisema hana sauti kwa watawa. Kumbe si hivyo kabisa. Padre mmoja mjuzi wa sheria za Kanisa alinifungulia kanuni ya 806 ya Sheria ya Kanisa ya 1983: Askofu wa jimbo ana haki ya kusimamia na kutembelea shule za Kikatoliki katika eneo lake, hata zilizoanzishwa au zinazoendeshwa na watawa. Ila uongozi wa ndani unabaki kwa shirika la watawa lenyewe. Kwa hiyo kumrudisha mwalimu, hapana (nami nilitaka hilo tu, nakiri).

Tukamwandikia Mama Mkuu, kiongozi wa masista hao, akaja mwenyewe. Tulipofungua katiba ya shule, aibu: bodi yetu ni ya ushauri tu! Miaka minne nimo humo, sijawahi kuisoma. Ameahidi kwa maandishi kutuarifu kabla ya kubadili uongozi. Mwalimu ameshapata kazi kwingine.