Tupeane uzoefu: Walimu wa ufundi magari, mnafundishaje sasa ambapo gari limekuwa kompyuta?

Mwl. Karakana
Wakuu, uzi huu ni wa wanaofundisha ufundi magari vyuoni na wanaopokea wahitimu wetu gereji. Lawama ni ile ile: kijana anashusha injini vizuri, ila taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi anaanza kubadilisha sensa moja baada ya nyingine. Amesoma kodi (namba ya hitilafu inayotunzwa na kompyuta ya gari), kodi imetaja sensa ya oksijeni, anaing'oa. Kodi inataja saketi au kipimo kisichokaa sawa, haithibitishi kwamba kifaa kimekufa. Ekzosi inayovuja kabla ya sensa inatosha kuidanganya. Na soketi ya OBD-II yenye pini 16, ile ya kuchomekea mashine ya kusoma kodi, ni lazima kwa magari yanayouzwa Marekani tangu toleo la 1996, kwa hiyo tusiseme ni mambo mapya. Mmepunguza nini, mmeongeza nini?

Waya Mweusi
Mwalimu, kabla ya kununua mashine kubwa ya kusoma kodi, tengeneza ubao wa hitilafu. Betri ya volti 12, fyuzi ya ampea 10, swichi, rilei, balbu ya wati 21. Kwenye njia ya umeme kuelekea balbu weka rezista (kifaa cha kupunguza mkondo) ya ohmu 5 yenye uwezo wa wati 10 au zaidi, uifiche nyuma ya ubao, mbali na plastiki kwa sababu inachemka. Balbu itawaka hafifu.

Sasa mwache mwanafunzi apime. Wengi wanachomoa balbu na kuweka multimita kwenye soketi yake: volti 12 kamili! Anaandika "umeme upo, balbu mbovu". Balbu ikiwa imechomolewa mkondo haupiti, hivyo rezista haili volti yoyote. Mwambie arudishe balbu, awashe, apime tena: karibu nusu ya volti imepotelea njiani. Kosa hilo hilo ndilo linalofanya kompyuta nzima ya gari kubadilishwa kwa sababu ya waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye betri) ulioota kutu.

Mtahini hivi: kabla hajagusa waya aandike anachoshuku, atapima wapi, na anategemea kusoma namba gani. Alama nyingi ziwe hapo. Aliyebahatisha jibu asimshinde aliyefuata njia.

Binti Spana
Nakazia. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba unasoma karibu ohmu 0, ila ukiubebesha stata hauwezi. Wafundishwe kupima volti zinazopotea kifaa kikiwa kinafanya kazi.

Mzee wa Piston
Mnaharakisha mno. Kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya hewa na petroli, inamfundisha mwanafunzi uwiano wa hewa na petroli kwa macho yake. Ukiiondoa, atasoma namba kwenye skrini bila kujua injini inataka nini.

Kipimo Kwanza
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana. Uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1 unafundishika kwa injini ya sindano, ambayo kompyuta ndiyo inapima mafuta, na data ya moja kwa moja kwenye skrini: mchomolee bomba la vakyumu, hewa ya ziada iingie, aone jinsi kompyuta inavyoongeza mafuta kufidia. Wiki za kabureta zitumike kufundisha mtandao wa CAN, yaani nyaya mbili ambazo kompyuta za gari huwasiliana kupitia. Zima gari, tenganisha betri, pima kati ya pini 6 na 14 za soketi ya OBD-II: mara nyingi utapata ohmu 60, kwa sababu rezista mbili za 120 ziko sambamba. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukikaribia 0, nyaya mbili zimegusana. Dakika mbili tu na multimita ya kawaida.

Mzee wa Piston
Pikipiki na jenereta nyingi bado zina kabureta. Nazo ni ajira.

Kipimo Kwanza
Basi ziwe kozi fupi peke yake, atakayehitaji aichukue.

Rangi ya Chungwa
Mnagombana kuhusu kabureta wakati haibridi (magari ya petroli na umeme pamoja) zinaingia karakana bila mwalimu kujua hatari yake. Ajali huanza hivi: mwanafunzi anazima gari, anachomoa betri ndogo ya volti 12, anaamini umeme umekwisha. Anafungua kifuniko cha inveta, kifaa kinachobadilisha umeme wa betri kubwa uendeshe mota. Betri kubwa haijatenganishwa, na hata ingetenganishwa, kapasita za ndani, zinazohifadhi umeme, zinabaki na mamia ya volti kwa muda. Mkono mmoja kwenye termino, mwingine kwenye termino ya pili, umeme unapita kifuani. Hapo hakuna nafasi ya kujifunza kwa makosa!

Utaratibu ni huu, na usirukwe hata gari likiwa la maonyesho: zima, ufunguo uwekwe mbali, tenganisha betri ndogo, chomoa plagi ya usalama ya betri kubwa, aliyeichomoa akae nayo mfukoni, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, mara nyingi 5 hadi 10. Halafu jaribu mita kwenye chanzo unachokijua, pima termino, kisha rudia kwenye chanzo kile kile, maana mita iliyokufa nayo inasoma 0. Mita iwe ya daraja la usalama CAT III, ya volti 1000. Glavu za mpira daraja 0, juu yake za ngozi. Kila kabla ya kuvaa zikunje ujaze hewa uone kama zinavuja, na zipimwe maabara kila miezi 6.

Binti Spana
Duh. Hii ibandikwe ukutani.

Waya Mweusi
Na testa ya balbu isiguse kabisa saketi za mifuko ya hewa. Mkondo wake unaweza kuilipua.

Mwl. Karakana
Nimeelewa. Ila mtaala mzima kuubadilisha ni safari ndefu. Tuanzie wapi?

Meza ya Kazi
Fanyeni DACUM, njia ya kutunga mtaala kwa kuwauliza wanaoifanya kazi. Keti na mafundi 5 hadi 12 wanaoifanya kazi yenyewe, kwa kawaida siku mbili, mwongozaji mmoja. Waorodheshe majukumu, kisha kazi ndogo ndogo, kila moja ianze na kitenzi: "pima", "tenganisha", "rekebisha". Msiwaite wenye gereji peke yao. Wanataja tabia wanazotaka, fundi ndiye anayetaja hatua.

Kipimo Kwanza
Binafsi ningeanza na walimu. Likizo waende gereji, wakae kwenye benchi la umeme.

Meza ya Kazi
Waende baada ya orodha kutoka, mkuu, la sivyo watajifunza chochote kilicholetwa wiki hiyo.

Mzee wa Piston
Huo ubao wa hitilafu, rezista iwekwe upande wa chanya au wa ethi?

Waya Mweusi
Tengeneza miwili, Mzee, mmoja kila upande. Wa ethi ndio unaowashinda.