Baba yake nyanya alikuwa Mwingereza aliyekuja Kenya baada ya vita, naanzia wapi kumfuatilia?

Mjukuu_wa_Solai

Salaam wadau. Naombeni msaada kwa wale mnaojua mambo ya kufuatilia ukoo. Nyanya yangu mzaa mama alizaliwa 1936 huko Solai, Nakuru, mama yake alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la mzungu na huyo mzungu ndiye baba yake, kwetu hilo halijawahi kuwa siri, nyanya mwenyewe alituambia na hata ungemwona tu ungejua. Walizaliwa wawili, yeye na mdogo wake wa kiume wa 1939. Nyanya alishafariki lakini huyo mdogo wake yupo na akili zake ziko sawa kabisa, na ndiye anayenisukuma, kila nikienda kumjulia hali lazima aulize "umepata lolote la mzee?"

Tunachojua ni kidogo. Alikuwa Mwingereza, si Mskoti wala Kaburu, babu (huyo mdogo wake nyanya) ana uhakika. Alikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza na alikuwa na cheo, watu wa shamba walimwita Kapteni. Tuna kadi ya ubatizo ya nyanya kutoka misheni, kwenye mstari wa baba pameandikwa jina moja tu la ukoo kwa wino, na karatasi imekaa imekunjwa miaka mingi mpaka herufi mbili za katikati zimeliwa na mkunjo. Babu akilitamka hilo jina linatoka tofauti na lilivyo kwenye kadi. Mwisho wake hatuujui, wengine wanasema alifia hapa wakati wa Mau Mau, wengine alienda South Africa, wengine alirudi kwao.

Sitafuti shamba wala pesa. Nataka kujua alitoka mji gani, wazazi wake kina nani na amezikwa wapi. Jina siliandiki hapa kwa sababu anaweza kuwa na watu wake walio hai.

karani_mstaafu

Pole na hongera kwa kuanza, wengi hungoja mpaka wazee wameisha. Ushauri wangu usiende Uingereza kwanza. Anza na shamba. Mtu anaweza kubadilisha jina, tahajia inaweza kuharibika, lakini shamba halihami na lina namba. Hapo Solai waulize walionunua baada ya uhuru, kama ni kampuni ya kununua mashamba au skimu ya makazi, wazee wao wana karatasi zenye namba ya zamani ya LR (Land Reference, namba ya shamba serikalini) kabla halijakatwa vipande. Ukiipata hiyo namba unaweza kuifuata Ardhi House Nairobi, kwenye ofisi za ardhi, na pia Hifadhi ya Nyaraka za Taifa (Kenya National Archives) pale Moi Avenue, unajiandikisha na kitambulisho na ada kidogo unakaa unasoma mafaili ya wilaya ya Nakuru.

Cha pili ni gazeti la serikali, Kenya Gazette. Watu hulidharau wakidhani ni matangazo ya tenda tu, kumbe limechapishwa tangu 1899 na matoleo ya zamani yameskaniwa, unayasoma bure kwenye intaneti. Mle kuna orodha za wapiga kura wa Kizungu za miaka ya 1930, jina, kazi na sehemu anayokaa. Usitafute jina, tafuta neno Solai, halafu usome wakulima wote waliotajwa hapo, hawakuwa wengi. Linganisha na herufi ulizonazo kwenye kadi. Na kama alifia Kenya, tangazo la mirathi lingewekwa humo humo kuwaita wanaomdai.

Kuna pia tovuti inaitwa Europeans in East Africa, ya bure, wamekusanya majina ya Wazungu waliokaa huku pamoja na walikoyatoa, makaburi, makanisa, magazeti. Hiyo anza nayo leo usiku.

Bi_Mwanaisha_UK

Mimi niko huku Uingereza na nimeshafanya kazi hii kwa familia ya mume wangu, kwa hiyo acha niseme ya upande huu.

Huyo Kapteni kwa maelezo yako anaweza kuwa alikuja kwa ule mpango wa 1919 wa kuwagawia ardhi wanajeshi waliotoka vitani, kura zilichezeshwa Nairobi na London. Au alipigana huko huko Afrika Mashariki akiwa kwenye Keya (jeshi la King's African Rifles) akabaki. Yote mawili yanakupeleka kwenye nyaraka za jeshi. Askari wa kawaida mafaili yao mengi yaliteketea London ilipopigwa mabomu Septemba 1940, ila ya maafisa yaliwekwa kando na mengi yapo kule Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa, The National Archives. Lakini kitu kitamu zaidi ni kadi za medali. Afisa alitakiwa aombe medali zake mwenyewe, hazikutumwa tu, kwa hiyo kadi nyingi zina anwani aliyotaka medali zipelekwe. Ukikuta kadi ya Kapteni mwenye jina linalofanana na lenu na anwani inasema Nakuru, British East Africa, basi mtu wako huyo. Angalia kadi pande zote mbili, tovuti ya Ancestry wameskani mbele na nyuma.

Meli nazo: orodha za abiria waliotoka Uingereza kwenda nje ya Ulaya zipo kuanzia 1890 mpaka 1960, tovuti ya Findmypast wanazo. Zinaonyesha umri, kazi, nchi anayokwenda kukaa, na kuanzia miaka ya 1920 hata anwani aliyoiacha Uingereza, na hiyo anwani ndiyo itakayokupa mji unaoulizia. Safari za kabla ya 1920 usiandike Kenya, andika British East Africa, jina la Kenya koloni lilikuja mwaka huo. Na usipomkuta usikate tamaa, wengi walipanda treni mpaka Marseille wakadaka meli huko, hao hawamo kwenye orodha. Tafuta safari za likizo, settla alienda kwao na kurudi mara kadhaa.

Ukishapata jina kamili na umri nenda sensa ya 1911, hapo atakuwa kijana kwao na wazazi na ndugu zake wameandikwa pamoja. Ile ya 1931 usihangaike nayo, iliungua 1942. Na kama aliondoka Kenya wakati wa uhuru meli hazitakusaidia, angalia kalenda ya mirathi ya Uingereza (Probate Calendar, orodha ya waliofariki wakaacha mali), ni bure kutafuta na inaanzia 1858, hata aliyefia nje huingia kama aliacha mali huku.

Mkuu_wa_Kaya_TZ

Mkuu hayo makaratasi mazuri ila hujaambiwa la muhimu, mpime babu DNA. Mapema. Wewe una kama asilimia 12.5 ya huyo Mwingereza, mama yako 25, babu ana nusu nzima. Na kwa kuwa babu ni mwanamume amebeba kromosomu Y ya baba yake vilevile, na Waingereza jina la ukoo linashuka kwa baba kama hiyo Y inavyoshuka. Kuna kipimo cha Y peke yake, kampuni ya FamilyTreeDNA wanacho, ukipata wanaofanana naye ukaona wengi wana jina moja, zile herufi zilizoliwa na mkunjo unaweza kuzijaza. Si lazima itokee lakini hii nafasi anayo yeye tu, wewe huna, mama huna.

Ila muelezeni mzee vizuri, akubali mwenyewe, aambiwe anaweza kuletewa majina ya watu wasiomtaka.

Mjukuu_wa_Solai

Jamani asanteni sana. Jana nimeingia gazeti la 1938 kama karani alivyosema nikakuta Solai wakulima kadhaa na mmoja jina lake linakaa vizuri kabisa kwenye kadi, linaanza na kuisha sawasawa. Nimemsomea babu kwa simu akanyamaza kidogo akasema "soma tena." Kuhusu DNA amekubali kabla sijamaliza kueleza. Swali, je mama anaweza kuomba viza ya Uingereza kwa sababu ya babu yake, yaani huyo Kapteni? Kuna mtu ameniambia.

Bi_Mwanaisha_UK

Ipo, inaitwa viza ya asili, ni ya raia wa Jumuiya ya Madola aliye na babu au bibi aliyezaliwa Uingereza, na hata kama wazee hawakuoana inakubalika. Mama anaingia kwenye kundi hilo, wewe hapana, kwako ni baba wa nyanya. Lakini atatakiwa awe anaweza kufanya kazi huku na alete vyeti vya kuzaliwa vya kuunganisha kizazi kwa kizazi, na kadi yenye jina moja la ukoo haitatosha peke yake, kwa hiyo msiuze chochote kwa ajili ya hilo.

Ukipata ndugu zake huku, barua ya kwanza iwe fupi. Jitambulishe, waambie unatafuta historia ya mtu aliyekaa Solai, uwaulize kama wana picha zake za Afrika. Habari ya watoto waache waiulize wao, au uwaambie barua ya pili. Kuna familia hapa hazikujua kabisa, na wengine walijua wakanyamaza miaka yote, hujui umemwangukia nani.

karani_mstaafu

Hilo jina la 1938 litafute sasa kwenye matoleo ya kuanzia 1950 mpaka 1963, sehemu ya mirathi. Na ukiwa Nakuru uliza rejista ya mazishi kwenye kanisa la Anglikana, nenda asubuhi siku ya kazi, na ubebe barua ya chifu inayosema wewe ni nani kwake.