Bei za hisa za DSE ziingie zenyewe kwenye Google Sheets, inawezekana?

mtoto_wa_tabata
Habari za jioni wakuu. Familia yetu tumechanga tukanunua hisa za CRDB, NMB na Twiga hapa DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam), na kaka yangu yuko Marekani ana za Apple na Microsoft. Nimetengeneza faili moja la Google Sheets la wote ili hata mama akifungua kwenye simu aone leo mali yetu ina thamani gani. Shida ni bei, kila jioni naingia mtandaoni nakopi nakuja kupesti, nikisafiri ndo basi tena, wote wanabaki wanaangalia bei ya wiki iliyopita. Za kaka nimeweka =GOOGLEFINANCE("NASDAQ:AAPL","price") zinakuja fresh ila za DSE nikibadilisha jina inatoa #N/A tu, yaani haipati kitu. Naomba msaada wadau.

Fundi Seli
Mkuu hiyo fomula haukosei chochote, soko letu halimo kwenye orodha ya masoko ambayo GOOGLEFINANCE inayasoma, kwahiyo hata uandike jina kwa namna gani haitakuja. Za kaka iache hivyohivyo, ila mwambie inaweza kuchelewa mpaka dakika 20 asije akaitumia kuamua kuuza saa hiyohiyo. Na ili ziende kwenye shilingi zidisha na =GOOGLEFINANCE("CURRENCY:USDTZS").

Za DSE tumia =IMPORTHTML("linki","table",1), inavuta jedwali kutoka kwenye ukurasa wa tovuti, ile 1 ni namba ya jedwali kwenye ukurasa huo, ikileta takataka jaribu 2 au 3. Lakini kabla ya kuhangaika fungua huo ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+U uone kodi iliyotengeneza ukurasa, halafu tafuta neno NMB. Ukiiona na bei yake mle ndani, itasoma. Usipoiona maana yake bei zinaletwa na JavaScript (programu inayofanya kazi ndani ya ukurasa) baada ya ukurasa kufunguka na IMPORTHTML haisubiri hiyo, utapata jedwali tupu, hapo tafuta tovuti nyingine yenye jedwali la kawaida, usipoteze usiku mzima.

Kitu kingine, jedwali liweke kwenye shiti yake peke yake, uipe jina Bei, usiliguse kabisa. Kwenye shiti ya familia vuta kwa alama ya kampuni, =VLOOKUP("CRDB",Bei!A:F,2,FALSE), hiyo 2 badilisha kulingana na kolamu yenye bei. Watu wengi wanaandika tu =Bei!B7, siku kampuni mpya ikiorodheshwa mistari inashuka, bei ya NMB inahesabiwa kwenye Twiga na hakuna anayestuka. Twiga alama yake ni TPCC.

Dada wa Mahesabu
Naongezea kwa Fundi. Bei ikija na mkato kama 5,000 mara nyingine Sheets inaiona ni maneno, ukizidisha inagoma. Tumia =VALUE(SUBSTITUTE(VLOOKUP("CRDB",Bei!A:F,2,FALSE),",","")). Na kama fomula nzima inakataa angalia Locale (nchi uliyochagua) kwenye Settings, kuna nchi wanatumia alama ya ; badala ya mkato ndani ya fomula.

Wa Excel nao wasikate tamaa, nenda Data halafu From Web, weka linki, chagua jedwali, kisha kwenye Properties unaiambia ijirefreshi kila dakika kadhaa au kila faili likifunguliwa.

mtoto_wa_tabata
Ahsanteni sana jamani, nimeona NMB kwenye Ctrl+U ya tovuti moja na jedwali limekuja! Sasa inajiapdeti kila baada ya muda gani? Na nikitaka kutunza bei za kila siku nione zinavyopanda?

Fundi Seli
Kila saa moja, faili likiwa wazi. Kwa soko letu inatosha kabisa, kuna kaunta (hisa za kampuni fulani) zinakaa siku nzima bei haijasogea. Ila IMPORTHTML inafuta ya jana kila inapoleta ya leo, haitunzi. Kutunza unahitaji skripti ndogo kwenye Apps Script (sehemu ya kuandikia programu ndani ya Google Sheets), iweke trigger, yaani saa ya kujiendesha yenyewe, ya jioni soko likishafungwa, na iuvute ukurasa wa bei yenyewe kwa amri ya UrlFetchApp maana faili likiwa limefungwa ile fomula inaweza kuwa na bei ya zamani.

Dada wa Mahesabu
Na mkuu, kama ni kwa ajili ya familia, ongeza kolamu ya gawio (faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa), hiyo ujaze kwa mkono kila kampuni inapolipa, andika kiasi kilichoingia baada ya kukatwa kodi ya zuio 5%. Mama akiangalia bei peke yake mwaka ambao hisa hazijapanda atadhani hela imelala, kumbe gawio limeingia benki.