Mafua ya mtoto wa miezi 8: bibi anataka nyungu na asali

Mama Neema, Njombe
Habarini wapendwa. Binti yangu ana miezi 8, leo siku ya tatu mafua yamembana, na baridi ya Njombe mwezi huu wa sita mnaijua. Mchana anacheza. Usiku ndiyo shida: akinyonya kidogo anaachia ziwa analia, pua imeziba. Jana jioni kipimajoto kilisoma 37.9, leo hana homa. Makamasi yalikuwa maji, sasa ni mazito ya kijani. Mama mkwe anataka tumfunike kwenye nyungu ya mikaratusi na kumpa kijiko cha asali. Dukani nimeuziwa amoksilini, sijaifungua. Nifanye nini? Sitaki kumvunjia mama heshima.

Dada wa Makambako
Pole mdogo wangu. Nyungu hapana! Mwaka juzi sufuria ilimpindukia mtoto wa dada yangu, mapaja yote mawili yakaungua. Mpaka leo akivaa kaptura nayaona makovu, roho inaniuma. Na jiko la mkaa msilale nalo ndani, hata baridi iwe kali vipi. Moshi wake mwingine hauonekani wala haunuki, na unaua.

Nesi wa zahanati
Mama Neema, hongera kwa kuuliza kabla ya kufungua hiyo chupa. Mafua yanaletwa na virusi, amoksilini haiviui. Makamasi kugeuka kijani siku ya tatu ni kawaida, peke yake si sababu ya antibayotiki.

Asali hapana mpaka atimize mwaka. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ndani ya utumbo wa mtoto mchanga na kulegeza misuli yake. Dawa za maji za mafua na kikohozi pia usimpe, na aspirini kamwe.

Pua ndiyo ya kushughulikia. Chemsha maji, yapoe, pima kikombe kimoja, tia robo kijiko cha chai cha chumvi, koroga iyeyuke yote. Mlaze chali, dondoshea matone mawili kila tundu, subiri kidogo, kisha vuta kwa kipira cha kuvutia makamasi, taratibu. Fanya hivyo kabla ya kunyonyesha. Mnyonyeshe akiwa wima kidogo, kidogo kidogo lakini mara nyingi. Maji ya chumvi tengeneza mapya kila siku. Homa ikirudi na akawa hana raha, parasetamoli ya watoto kwa kipimo cha uzito wake.

Usiku mhesabie pumzi akiwa ametulia, dakika nzima. Kwa umri wake, 50 au zaidi ni nyingi mno. Ukihesabu hizo, au ukaona chini ya mbavu panabonyea ndani akivuta pumzi, au amegoma kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au ana degedege, usingoje asubuhi.

Mama mkwe mpe kazi: yeye ampakate, wewe uhesabu.

Mama Neema, Njombe
Asanteni sana. Mama amempakata, nimefunua kifua tu nikahesabu kwa saa ya simu: 38. Mama akasema rudia. Nikarudia, 37. Matone alilia sana, lakini likatoka kamasi refu, akashika ziwa hajaachia mpaka kalala. Mama yuko jikoni, mikaratusi anachemshia miguu yake mwenyewe.