Je, Mtendaji Mkuu wa Kaunti kule Maryland ni sawa na Mwenyekiti wetu wa LC5?

Msomaji wa Masindi

Ndugu zangu, naomba mnifafanulie jambo. Binamu yangu anaishi Silver Spring, katika kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland nchini Marekani, naye alipata uraia wa huko miaka kadhaa iliyopita. Mwaka 2022 alikwenda kupiga kura za mchujo akitarajia kumchagua Mtendaji Mkuu wa Kaunti, lakini karatasi aliyopewa ilikuwa na wagombea wa bodi ya shule tu. Mshindi wa kinyang'anyiro cha Mtendaji Mkuu alijulikana baada ya wiki kadhaa za kuhesabu na kuhesabu tena, na majirani zake wakamwambia kwamba mambo yameisha, wala Novemba isingebadilisha kitu.

Kwetu Uganda kaunti ni sehemu ya wilaya, inajulikana zaidi kwa kutoa mbunge, na haina mtawala anayechaguliwa na wananchi wote. Sasa cheo hicho cha Maryland nikifananishe na kipi: Mwenyekiti wa LC5 (yaani wa baraza la wilaya), RDC (mwakilishi wa Rais wilayani), au gavana wa kaunti kule Kenya? Na kwa nini binamu yangu hakupewa karatasi yenye majina ya wanaokiwania?

Mstaafu wa Halmashauri, Mbale

Ndugu yangu, neno "kaunti" ndilo linalokupoteza. Kaunti ya Montgomery ina watu zaidi ya milioni moja, ina polisi wake, barabara zake na kodi zake, kwa hiyo usiiweke kwenye mizani moja na saza letu, yaani kaunti ya hapa Uganda. Jimbo la Maryland lina kaunti 23 pamoja na jiji la Baltimore linalojitegemea, lakini ni kaunti 9 tu zinazomchagua Mtendaji Mkuu. Nyingine huongozwa na makamishna waliochaguliwa, au na baraza linaloajiri meneja. Tena cheo chenyewe si cha kale kila mahali: Montgomery ilimpata mtendaji wake wa kwanza mwaka 1970, Wicomico ilimchagua wa kwanza mwaka 2006, na Frederick mwaka 2014.

Anayefanana naye zaidi ni gavana wa Kenya. Mtendaji huandaa bajeti na kuipeleka kwenye baraza, huteua wakuu wa idara kwa idhini ya baraza, na anaweza kuukataa mswada uliopitishwa na madiwani, ingawa nao wana njia ya kuupitisha tena. Hata hivyo hashiki kila kitu. Sherifu na mwendesha mashtaka wa kaunti huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, na bodi ya shule nayo ina uchaguzi wake, ndiyo maana binamu yako aliikuta kwenye karatasi.

Mwenyekiti wetu wa LC5 anachaguliwa kwa kura ya siri ya watu wazima wote, na kwa hilo anafanana na yule wa Maryland. Baada ya hapo njia zinaachana. Afisa anayesimamia fedha za wilaya, CAO, tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 huteuliwa na Tume ya Utumishi wa Umma ya taifa, na RDC huteuliwa na Rais. Mwenyekiti anaweza kuwaahidi watu daraja wakati wa kampeni, kisha akakaa miaka mitano akiandika barua Kampala. Nimewahi kuziandika barua hizo kwa niaba ya mwenyekiti, nazo zilikuwa nyingi.

Jambo lenye uzito zaidi ni kodi. Kule wakazi hulipa kodi ya mapato kwa kaunti, juu ya ile ya jimbo na ya serikali kuu, kwa hiyo mtendaji ana fedha za kwake za kupangia. Sisi kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 2005, watu wakashangilia, nami sikulaumu furaha yao kwa sababu nilishuhudia jinsi ilivyokusanywa kwa mabavu. Lakini tangu hapo wilaya nyingi zinaishi kwa ruzuku ambayo imekwisha kupangiwa matumizi kabla haijafika.

Wakili wa Fort Portal

Nijibu lile la karatasi. Maryland mchujo ni wa wanachama: anayejiandikisha kupiga kura hutaja chama chake, na aliyejiandikisha bila chama hapewi karatasi ya wagombea wa chama chochote. Hupewa tu nafasi zisizo za vyama, kama bodi ya shule. Bila shaka binamu yako alijiandikisha bila chama.

Majirani zake walisema kweli kuhusu Novemba, kwa kuwa Montgomery ni ngome ya chama cha Democratic, na hakuna Mrepublican aliyekalia kiti hicho tangu James Gleason alipoondoka mwaka 1978. Basi ugomvi wote uko kwenye mchujo. Mwaka 2018 Marc Elrich alimshinda David Blair kwa kura 77. Mwaka 2022 wawili hao hao walikutana tena, na baada ya kuhesabu upya Elrich akashinda kwa kura 32. Kaunti ya Baltimore, mwaka huo huo wa 2018, ilimpata mshindi wa mchujo wa Democratic, Johnny Olszewski, kwa tofauti ya kura 17.

Hapa kwetu aliyeshindwa hivyo angechapisha mabango mapya wiki hiyo hiyo na kusimama kama mgombea huru. Sheria ya Maryland haimruhusu: aliyeshindwa katika mchujo jina lake haliwekwi kwenye karatasi ya uchaguzi mkuu unaofuata.

Mkazi wa Kasese

Waheshimiwa, msiwasifu kupita kiasi. Olszewski alipochaguliwa kwenda Bungeni mwaka 2024, kiti chake kilijazwa na Kathy Klausmeier aliyeteuliwa na baraza la kaunti, lenye watu saba. Kaunti ya Prince George's, ambayo mtendaji wake Angela Alsobrooks alichaguliwa kuwa seneta mwaka huo huo, ilirudi kwa wananchi, nao wakamchagua Aisha Braveboy mwaka 2025. Jimbo ni moja, na cheo ni kile kile, lakini njia ya kukijaza si moja.

Mstaafu wa Halmashauri, Mbale

Umesema kweli, na hata kwenye bajeti hawafanani. Baraza la Montgomery linaweza kuongeza au kupunguza fungu lolote, ilhali lile la kaunti ya Baltimore linaweza kupunguza tu. Mtendaji wa Baltimore kwa hiyo ana nguvu kuliko mwenzake, ingawa kaunti yake ina watu wachache zaidi. Labda ndiyo sababu Spiro Agnew alitoka kwenye kiti hicho akawa gavana, na kutoka ugavana akawa Makamu wa Rais.

Msomaji wa Masindi

Nashukuru sana, wazee wangu. Nimempigia binamu yangu simu jana usiku, naye amekiri kwamba alipojiandikisha aliacha sehemu ya chama kwa makusudi, akihofia kwamba kutaja chama kungemletea matata, kama alivyozoea nyumbani. Amesema atabadilisha.