Aliyemaliza intanishipu Moshi anafikaje kuwa bingwa wa figo na mtafiti?

Pasua_Juu: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu anamaliza intanishipu hapa Moshi. Anataka figo, na anataka utafiti pia, si kliniki peke yake. Ngazi zikoje, na wengi hukwama wapi?

Nefroni: Mkuu, figo haina mlango wa moja kwa moja. Baada ya miaka 5 ya udaktari, mwaka 1 wa intanishipu na usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, lazima kwanza awe bingwa wa magonjwa ya ndani, au wa watoto kama anataka figo za watoto. Hiyo ni miaka 3 au 4 kutegemea chuo, na KCMC, hospitali ya rufaa yenye chuo hapo hapo Moshi, inafundishwa, hana haja ya kuhama Moshi. Ubobezi wa figo huja baadaye. Muhimbili wanaufundisha. Huko ndiko anashika kazi za mikono: kuweka katheta ya shingoni kwa kuongozwa na ultrasaundi, kuchukua kinyama cha figo, kupanga dayalisisi, kumfuatilia aliyepandikizwa. Upandikizaji Muhimbili ulianza 2017, Benjamin Mkapa Dodoma 2018, kwa hiyo hilo la mwisho siku hizi linafundishika nchini.

Maabara_Njiro: Niongezee upande wa utafiti, maana tasnifu nyingi za figo huharibikia sehemu moja. Ugonjwa sugu wa figo unataka kasoro iliyodumu miezi 3 au zaidi: uchujaji wa figo (eGFR) chini ya 60 ml kwa dakika, au albumini (protini ya damu) kwenye mkojo kuanzia 30 mg kwa kila gramu ya kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo). Ukipima mara moja tu unawabeba pia wenye malaria, walioharisha, na waliokunywa diklofenaki wiki nzima kwa ajili ya mgongo. Hao figo zao huweza kurudi. Basi bajeti iwe na nauli ya kumrudisha mshiriki, la sivyo neno "sugu" litoke kwenye kichwa cha tasnifu.

Vipimo navyo: maabara moja inaandika kreatinini 1.2 (mg/dL), nyingine 106 (µmol/L), na ni kitu kilekile (zidisha mg/dL kwa 88.4). Wakichanganya safu hizo mbili kwenye jedwali, hesabu yote imekufa.

Na asikusanye hata sampuli moja kabla kibali cha maadili hakijatoka. Kibali hakirudi nyuma.

Pasua_Juu: Asante sana wakubwa. Kwa hiyo utafiti asubiri hadi aingie ubingwa?

Nefroni: Hapana, asisubiri. Taasisi ya utafiti ya KCRI ipo palepale KCMC. Aombe hata usaidizi wa kukusanya data, apate cheti cha utendaji bora wa tafiti za kitabibu, ajifunze Stata au R, programu za kuchambua takwimu. Swali la kuanzia lipo mlangoni kwake: utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 15.2 ya watu wazima mjini, vijijini asilimia 2. Kwa nini mji uzidi hivyo? Akianzia hapo, mada ya tasnifu ataikuta njiani.